Japani: «Gaijin», neno ambalo wageni wenyewe hawapatani juu yake

Mwezi wa 9, mwaka wa 1999, jamaa kadhaa zilifika kwenye nyumba moja ya kuogea mayi ya moto katika muji wa Otaru, kwenye kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Wajapani wanapenda sana nyumba za namna hii. Wanaziita onsen, na siku ya mapumziko mutu anakwenda humo na watoto wake wote. Kati ya waliofika siku ile kulikuwa mwalimu mumoja wa chuo kikuu, muzaliwa wa Marekani, pamoja na bibi yake Mujapani na wasichana wao wawili waliozaliwa Japani. Kwenye mulango kulikuwa kibao kilichosema kwa Kiingereza kwamba wanaoingia ni Wajapani peke yao.

Baba alikataliwa. Walipouliza habari ya watoto, mukubwa wa nyumba alijibu kwamba mumoja, mwenye sura ya Kijapani, angeweza kuingia. Yule mwingine, aliyefanana na watu wa inje, hapana.

Watoto wawili wa tumbo moja, uraia uleule. Mumoja alihesabiwa mutu wa ndani, mwingine mutu wa inje. Na kwa Kijapani «mutu wa inje» ni neno moja fupi: gaijin.

Neno hilo limewagawanya wageni wa Japani kwa miaka mingi. Kuna wanaolicheka, kuna wanaojiita hivyo wao wenyewe, na kuna wanaosema kwamba kila mara wanapolisikia ni sawa vile mutu anawafungia mulango usoni. Swali si dogo tena, kwa sababu wageni wamekuwa wengi. Mwisho wa mwaka wa 2024, serkali ya Japani ilihesabu zaidi ya milioni 3 na elfu 700 wanaoishi katika inchi, ni kusema karibu watu 3 juu ya 100. Wengi wao wametoka China, Vietnam na Korea ya Kusini. Waafrika ni wachache sana.

Ndani na inje

Gaijin inaandikwa kwa herufi mbili. Ya kwanza ni inje, ya pili ni mutu. Kuna neno lingine refu kidogo, gaikokujin, ambalo linaongeza herufi moja katikati: inchi. Hilo la pili ndilo linaandikwa katika sheria, katika biro za serkali na kwenye televizio. Kwa sikio la mugeni tofauti ni ndogo, lakini iko. Neno refu linasema kwamba mutu huyu ametoka katika inchi nyingine. Neno fupi linasema tu kwamba si wa hapa.

Wajapani wengi wanashangaa wakiambiwa kwamba linaumiza. Kwao, kugawanya dunia kati ya ndani na inje ni jambo la kila siku, na haliwahusu wageni tu. Mufanyakazi wa kampuni akizungumza na muteja juu ya mukubwa wake, anamutaja mukubwa yule bila cheo cha heshima, kwa sababu mbele ya muteja mukubwa ni mutu wa ndani. Muteja ndiye wa inje, na heshima yote inakwenda kwake. Kwa hiyo mama muzee wa duka anayesema «gaijin-san», akiongeza kile kipande cha heshima nyuma ya neno, anafikiri amesema vizuri.

Musomaji wa Goma ao wa Bukavu anaweza kuelewa kwa urahisi. Watoto wa barabarani wanaopiga kelele «muzungu!» hawana chuki na yule anayepita. Mujapani akipita pahali pale anaitwa «muchina», na hakuna mutu anayejiuliza kama jina hilo linamupendeza. Anayeita hasikii uzito wa jina. Anayeitwa kila asubuhi, kwa miaka 20, ndiye anaanza kuupima.

Mushenji wa kusini, mutawa mweusi

Wareno walipotia mguu kwenye kisiwa cha Tanegashima mwaka wa 1543, Wajapani waliwaita nanbanjin, washenji wa kusini, kwa sababu merikebu zao zilitoka upande huo. Waholandi waliofuata waliitwa watu wa nywele nyekundu. Neno gaijin lenyewe lilikuwa limekwisha kuandikwa zamani, lakini lilihusu mutu asiye wa kundi lako, hata kama ni Mujapani.

Na mapema sana kulikuwa Mwafrika. Mwaka wa 1581, padri Mwitaliano Alessandro Valignano alifika Kyoto akiwa na mutumishi mweusi. Watu walikanyagana ili wamuone. Oda Nobunaga, mutawala mwenye nguvu kuliko wote wakati ule, hakuamini kwamba rangi ile ilikuwa ya ngozi: aliamuru avuliwe na asuguliwe na mayi. Ilipoonekana kwamba haitoki, alimupenda, akamuchukua kwenye kazi yake, akamupa nyumba, upanga na jina la Yasuke. Padri Mufransa François Solier aliandika mwaka wa 1627 kwamba alitoka Msumbiji. Kitabu cha habari za Nobunaga kinamutaja kwanza kwa neno lenye maana ya «mutawa mweusi», labda kwa sababu ya kichwa chake kilichonyolewa.

Mwaka wa 1582, Nobunaga alisalitiwa na jemadari wake Akechi Mitsuhide, akafa. Yasuke alipigana mpaka alipokamatwa. Kufatana na barua za mapadri, Akechi alisema asiuawe: ni munyama asiyejua kitu, tena si Mujapani. Wakamurudisha kwa mapadri. Dharau ile ile iliyomuweka inje ya watu ndiyo iliokoa shingo yake. Ni vigumu kupata kisa kingine kinachoonyesha vizuri zaidi namna jina la mugeni linakuwa tusi na ngao kwa wakati mumoja.

Kisha inchi ilifungwa kwa zaidi ya miaka 200, Waholandi wachache wakiachwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki. Ilipofunguliwa katika karne ya 19, majina mapya yalitokea. Nyuma ya vita vya 1945, waaskari Wamarekani walipojaa katika inchi, gaijin likawa hasa jina la muzungu. Mukorea aliitwa Mukorea, Muchina aliitwa Muchina, mutu mweusi aliitwa kokujin, neno lisilo na ubaya, ao kuronbo, ambalo ni tusi. Hata leo, mutu akisema gaijin bila kuongeza kitu, wengi wanaona kwanza uso mweupe katika mawazo yao.

Wale wanaocheka

Wageni wengi, zaidi sana wale waliofika kwa mwaka moja ao miwili, hawaoni matata. Wanasema neno linawapa pia uhuru. Mugeni akikosa kuinama inavyofaa, anasamehewa. Akitoka kazini kwa saa yake wakati wenzake Wajapani wangali wamekaa mpaka usiku, hakuna anayeshangaa. Mbele ya mwezi wa 7, 2012, kila mugeni alitembea na kadi ya kujiandikisha ambayo wageni wenyewe waliiita «kadi ya gaijin», na mpaka leo wanasema kwa muzaha kwamba mutu «ametoa kadi ya gaijin» anapojifanya hajui kanuni ili apite.

Katika michezo, neno lina hata utamu wake. Kwenye baseball, muchezaji wa inje anaitwa «musaidizi»: amenunuliwa kwa bei kali ili aje kupiga mipira mbali. Katika mieleka, majitu kutoka Marekani yalijaza viwanja kwa miaka na miaka kwa sababu tu watu walitaka kuona gaijin akipigana na mutu wao. Kwenye televizio kuna wageni waliojulikana kwa kuwa wageni. Mumoja wao, Zomahoun Rufin wa Benin, alichekesha Wajapani mbele ya kamera kwa miaka mingi, kiisha mwaka wa 2012 akawa balozi wa inchi yake Tokyo.

Lakini muzaha una saa yake. Mugeni akisema maneno mawili ya Kijapani, anapigiwa makofi: «Unajua Kijapani vizuri sana!» Mwaka wa kwanza anafurahi. Mwaka wa 15, akiwa amelipa kodi, amezika mukwe wake na kuketi katika komite ya wazazi wa shule, anapewa sifa ile ile na mutu wa taksi, na anaelewa kwamba mutu yule hakumusikia hata kidogo: alimuona tu.

Makaratasi hayakufungua mulango

Baba wa Otaru alikuwa anaitwa David Aldwinckle. Mwaka wa 2000 alipata uraia wa Japani na kuchukua jina la Arudou Debito. Alirudi kwenye ile nyumba ya kuogea, makaratasi mukononi. Jibu lilikuwa: tunakubali kwamba wewe ni Mujapani, lakini sura yako si ya Kijapani, na wateja watakosa kuelewa. Akakataliwa mara ya pili.

Wenye nyumba walikuwa na maelezo yao. Otaru ni bandari, mabaharia Warusi walikuwa wanafika wamelewa, wanaingia katika mayi bila kunawa kwanza, na wateja wa siku zote walikuwa wanahama. Tribinali ya Sapporo ilisikiliza hayo yote. Mwezi wa 11, 2002, ilisema kwamba kufungia watu wote wa inje kwa sababu ya makosa ya wengine ni ubaguzi unaopita mipaka, na kuamuru walipwe yeni milioni 1 kwa kila mumoja wa wale watatu walioshitaki. Muji wa Otaru, ambao pia ulishitakiwa kwa kutokuzuia mambo hayo, haukupatikana na kosa. Tribinali kuu ya inchi ilifunga kesi mwaka wa 2005 bila kubadilisha kitu.

Arudou aliendelea kupigania neno lenyewe. Mwaka wa 2008, katika gazeti la Japan Times, alilinganisha gaijin na lile tusi ambalo Wamarekani weupe walitumia kwa watu weusi. Wageni wengi walimupinga palepale. Tusi lile limetoka katika utumwa, limebeba fimbo na kamba za kunyongea watu. Gaijin haijafika huko, na kulinganisha hivyo ni kupunguza uzito wa maiti za wengine. Juu ya jambo hili, waliomupinga walikuwa na haki. Lakini katika kumupinga, wengi walisahau yule musichana aliyekatazwa kuingia na dada yake.

Baye McNeil, mwandishi Mumarekani mweusi anayeishi Yokohama, ameandika sana, si juu ya neno, lakini juu ya kiti. Katika treni iliyojaa, watu wakiwa wamesimama wamebanana, kiti cha pembeni yake kinabaki bila mutu. Hakuna aliyemutukana. Hakuna aliyemuita gaijin. Kiti chenyewe kinasema.

Na mahali pengine kanuni inasema waziwazi. Katika sumo, mieleka ya kienyeji ya Japani, kila kambi inaruhusiwa kuwa na mugeni mumoja tu. Wengine waliona njia: muchezaji akichukua uraia wa Japani, hahesabiwi tena, na kambi inaweza kuleta mwingine. Mwaka wa 2010, shirika la sumo liliziba tundu hilo. Siku hizi wanahesabu mutu «aliyetoka inje», hata awe na uraia. Hakuho, Mumongolia aliyeshinda mashindano makubwa mara 45, kuliko mutu yeyote katika historia ya muchezo huo, alichukua uraia wa Japani mwaka wa 2019 kwa sababu bila uraia asingeweza kuwa muzee wa sumo. Kwa kitabu cha raia yeye ni Mujapani. Kwa hesabu ya kambi, mutu wa namna yake anabaki wa inje mpaka siku ya kuacha muchezo.

Nusu

Watoto wa Mujapani na mugeni wana jina lao: hafu, neno la Kiingereza lililogeuzwa Kijapani, lenye maana ya nusu. Wazazi wengine wamejaribu kuleta neno lingine lenye maana ya mara mbili, wakisema mutoto hakupungukiwa kitu, ameongezewa. Halikushika sana. Watoto wenyewe mara nyingi wanabaki na hafu, kwa sababu ndilo watu wanaelewa, na kueleza kila siku kunachosha.

Mwaka wa 2015, Ariana Miyamoto alichaguliwa kuwa murembo wa Japani kwa mashindano ya Miss Universe. Alizaliwa Sasebo, katika jimbo la Nagasaki, kwa mama Mujapani na baba Mumarekani mweusi. Kijapani ni lugha yake. Siku zilizofuata, watu kwenye intaneti waliandika kwamba hafanani na Mujapani. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliingia katika mashindano baada ya rafiki yake, hafu kama yeye, kujiua.

Naomi Osaka, wa mama Mujapani na baba wa Haiti, alipewa heshima ya kuwasha moto wa Olimpiki ya Tokyo, tarehe 23, mwezi wa 7, 2021. Siku nne nyuma aliposhindwa katika tenisi, maneno yaligeuka. Wapo walioanza kuuliza kwa nini alichaguliwa yeye kusimama mahali pa Wajapani. Wakati wa ushindi alikuwa Mujapani muzima. Wakati wa kushindwa, ile nusu ilirudi.

Wajukuu waliorudi

Lakini kisa kinachochekesha na kuumiza kuliko vyote ni cha Wajapani wa Brazil. Mwaka wa 1908, merikebu Kasato Maru ilishusha katika bandari ya Santos Wajapani 781 waliokuja kuchuma kahawa. Wengine wengi walifuata. Wakiwa huko, katika inchi ya wenyewe, waliendelea kuwaita Wabrazil gaijin. Wao ndio walikuwa wamefika jana, lakini watu wa inje walikuwa wenyeji. Mutengeneza filme Tizuka Yamasaki, mujukuu wa wahamiaji hao, alitoa mwaka wa 1980 filme yenye jina hilo hilo, Gaijin.

Mwaka wa 1990, viwanda vya Japani vilipokosa mikono, serkali ilifungulia mulango wajukuu wa wale waliokwenda. Mawazo yalikuwa kwamba damu ni ileile, hawatakuwa wageni. Walifika kwa makumi ya maelfu, katika miji kama Hamamatsu na Oizumi, na kufikia mwaka wa 2007 walipita elfu 300. Majina yao yalikuwa ya Kijapani, nyuso zao pia. Lakini walisema Kireno, waliongea kwa sauti, walichoma nyama inje siku ya kwanza ya juma. Watu ambao San Paulo waliitwa «Mujapani» tangu utoto, wakafika Japani na kusikia wanaitwa Wabrazil, na gaijin.

Kazi zilipoanguka mwaka wa 2009, serkali ilitoa yeni elfu 300 kwa kila mufanyakazi wa namna hiyo aliyekubali kurudi Brazil, na yeni elfu 200 kwa kila mutu wa jamaa yake, kwa sharti asirudie kuomba viza ileile. Zaidi ya elfu 20 walichukua feza hizo na kupanda ndege. Damu haikusaidia sana.

Kinyume chao ni Wakorea wa Japani, wanaoitwa zainichi. Babu zao walifika wakati Korea ilikuwa koloni ya Japani. Mwaka wa 1952, walinyanganywa uraia wa Japani kwa siku moja, wote pamoja. Wajukuu wao wamezaliwa Osaka ao Tokyo, wengi hawajui Kikorea, wengi wana jina la pili la Kijapani kwa kazi na kwa shule. Hakuna atakayewaita gaijin barabarani, kwani hakuna atakayewatambua. Jeraha lao ni la kujificha. Na mukubwa wa jimbo la Tokyo, Shintaro Ishihara, alipotumia mwezi wa 4, 2000, neno la zamani sangokujin, «watu wa inchi ya tatu», akisema wanaweza kuleta fujo siku ya tetemeko la inchi, wazee wa Kikorea walikumbuka mwaka wa 1923. Mwaka ule, nyuma ya tetemeko la Tokyo, uvumi wa namna hiyo ulifanya Wakorea wauawe kwa wingi barabarani. Katika Katanga na katika Kivu, ambako neno «wakuja» limekwisha kuhamisha watu kutoka nyumba zao, kisa hicho hakihitaji maelezo marefu.

Neno safi, kazi chafu

Magazeti na televizio za Japani zimeachana na gaijin. Zinasema gaikokujin, na watu wa adabu wanaongeza kipande cha heshima. Mwaka wa 2014, tarehe 8, mwezi wa 3, mashabiki wa ekipe ya Urawa walitundika kwenye uwanja kitambaa chenye maneno yaleyale ya kibao cha Otaru. Shirika la kandanda liliamuru ekipe icheze muchezo uliofuata nyumbani kwao bila mutazamaji hata mumoja, jambo lililokuwa halijafanyika katika ligi hiyo. Mwaka wa 2016 ikatoka sheria ya kukataza maneno ya chuki, ingawa haina azabu. Muji wa Kawasaki, wenye Wakorea wengi, uliweka yake yenye faini ya mpaka yeni elfu 500.

Maneno yamesafishwa, ni kweli. Nyumba je? Wizara ya sheria iliuliza wageni mwishoni mwa mwaka wa 2016. Kati ya wale waliotafuta nyumba ya kupanga, karibu 39 juu ya 100 walikuwa wamekataliwa kwa sababu ni wageni. Na mwenye nyumba hasemi gaijin. Anasema kwa upole, kwa kuinama, kwamba kwa bahati mbaya gaikokujin haikubaliwi hapa.

Ndipo wengine kati ya wageni wa siku nyingi wamechoka na mabishano juu ya neno fupi. Wanaona kwamba lile refu, lile la heshima, ndilo siku hizi linafanya kazi chafu. Katika uchaguzi wa mwezi wa 7, 2025, chama cha Sanseito kilipata viti 14 kwa sauti ya «Wajapani kwanza», na wanasiasa wa vyama mbalimbali walizungumza juu ya «tatizo la gaikokujin», kwa lugha safi kabisa.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Waafrika. Katika mukutano wa TICAD, Yokohama, shirika la serkali JICA lilitangaza urafiki kati ya miji minne ya Japani na inchi nne za Afrika: Nagai na Tanzania, Kisarazu na Nigeria, Sanjo na Ghana, Imabari na Msumbiji. Ulikuwa mupango wa kutembeleana na kubadilishana ujuzi. Uvumi ukasambaa kwamba Waafrika watapewa viza ya pekee na kuhamia kwa wingi. Biro za miji hiyo zilipokea maelfu ya simu na barua za hasira, watu waliandamana, serkali ikakanusha, bila faida. Tarehe 25, mwezi wa 9, 2025, mupango ulifutwa. Mwafrika aliyekuwa ametulia Tokyo kwa miaka mingi alitazama hayo kwenye telefone yake akijua kwamba hakuna neno lililohitajika ili yeye pia ahesabiwe ndani yake.

Tena, hata hivyo, kuna mifano inayokwenda upande mwingine. Oussouby Sacko, muzaliwa wa Mali, alifika Japani mwaka wa 1991 kusoma ujenzi wa nyumba, akapata uraia mwaka wa 2002, na kuanzia 2018 mpaka 2022 aliongoza chuo kikuu cha Kyoto Seika. Alichaguliwa na wenzake wa kazi.

Watoto wa Musoshi

Kwa Congo, habari hii ina mulango wake wa nyuma. Mwanzo wa miaka ya 1970, kampuni ya Kijapani ilifungua muchimo wa shaba Musoshi, karibu na Kasumbalesa, katika Katanga. Mamia ya Wajapani walikaa pale. Kwa mara hii, watu wa inje walikuwa wao, na katika kambi yao walikuwa na nyumba zao, lopitali yao na shule ya watoto wao. Wengi walikuwa vijana waliokuja bila bibi. Wengine walipenda wasichana wa pale, wakafanya ndoa ya kienyeji, watoto wakazaliwa. Mwaka wa 1983 Wajapani waliachilia muchimo na kurudi kwao. Watoto walibaki na mama zao.

Ni makumi ya watu, leo wenye kupita miaka 40, wengi wao Lubumbashi na kandokando. Mwandishi wa habari Mujapani Hideyuki Miura aliandika kitabu juu yao, kilichotoka mwaka wa 2022. Wengine wana jina la Kijapani ambalo baba aliacha mbele ya kuondoka. Utotoni, wenzao waliwaita Wajapani, na haikuwa kila mara kwa kuwasifu.

Mwaka wa 2008, tribinali kuu ya Japani ilisema kwamba mutoto aliyezaliwa inje ya ndoa, ambaye baba yake Mujapani amemutambua, asinyimwe uraia kwa sababu tu wazazi hawakuoana. Sheria ikabadilishwa. Lakini inahitaji baba akubali kwa maandishi, na mutoto awe hajafikisha miaka ya utu uzima. Watoto wa Musoshi walikuwa wamekwisha kupita umri huo.

Mumoja wao akifika siku moja Narita, uwanja wa ndege wa Tokyo, atakuta misitari miwili. Akiwa na paspoti ya Congo, na ndani yake jina alilopewa na baba, atapanga kwenye ule wa gaikokujin, ataweka vidole viwili kwenye mashini, atatazama kamera, na atangojea kuulizwa amekuja kufanya nini.